Sura ni yako, ubao ni wetu: maswali yenu kuhusu figisu za mezani

Toleo lililopita niligusia tavla kidogo tu, ule mchezo wa kete na dadu ambao Wazungu wanauita bakigamoni na Waarabu tawla, sikujua nachokoza nyuki. Barua zimekuja mpaka nimechoka kusoma. Kwa asiyeujua: ubao una vijumba 24 vya pembetatu, kila mtu ana kete 15, dadu mbili, unazizungusha kete zako mpaka nyumbani kwako alafu unaanza kuzitoa, wa kwanza kumaliza kashinda, na kete ikikutwa peke yake kwenye kijumba inaliwa inaanza safari upya. Basi. Wengi wenu hamkuuliza jinsi ya kucheza, mmeuliza figisu, nani kamwonea nani, na kuna mmoja kaandika kurasa nne kumhusu shemeji yake, hiyo nimeiweka pembeni maana hapo tatizo si dadu.

*Shikamoo mzee. Niko Istanbul mwaka wa tatu sasa, nasoma, na huku ukiagiza chai tu ubao umeshafika. Nina mshkaji wangu Mturuki tunacheza karibu kila jioni, wa kwanza kufika tano ndo mshindi. Juzi yeye anaongoza nne kwa tatu, gemu ndo inaanza, akatupa tano na tatu huku anaongea na simu. Kila mtu anajua tano na tatu ya mwanzo unakutanisha kete mbili zinakaa kijumba kimoja. Yeye ile tano akaisogeza sawa, ile ya tatu akaipeleka nne, kwa hiyo zikakaa mbalimbali, zote uchi. Nimeona. Nikakaa kimya. Nikatupa mbili na moja nikazila zote mbili, hakuinuka tena, nikampiga mars, yaani nimemaliza yeye hajatoa hata kete moja, ambayo inahesabiwa mbili, nikafika tano. Huku desturi yao ukishinda unafunga ubao unampachika kwapani aliyeshindwa, nikampachika, watu wakacheka sana. Usiku nafsi ikanisuta nikamwambia ukweli, nilidhani atacheka, mpaka leo salamu yenyewe ya shida. Anasema mimi mwizi. Mi naona kosa kafanya mwenyewe, mi sijagusa kitu. Nani ana haki? — Mpiga Dadu, Istanbul*

Marahaba mwanangu. Tuanze na sheria maana najua ndo unayotaka kujifichia. Kwa miaka mingi kwenye mashindano ya bakigamoni kanuni ilikuwa mwenzako akisogeza vibaya uamuzi ni wako, unaweza kumzuia kabla hujatupa dadu zako au unaweza kuuchuna, ukishatupa imeshapita hiyo. Kuna watu walikuwa wanaishi kwa kanuni hiyo, kosa likimuumiza mwenzake kimya kama maji ya mtungi, likimfaidisha mwenzake anaruka na kidole hewani, na hakuna aliyewaita wezi. Kwa kanuni hizo za zamani wewe ni msafi kabisa. Ila siku hizi mashindano mengi makubwa yameiacha, yanataka mwendo halali tu, yaani kete zikisogea tofauti na dadu zinavyosema, zinarudi, na aliyeona anatakiwa aseme hata kama kusema kunamuumiza mwenyewe. Kwa hiyo jibu la kisheria linategemea umezaliwa lini.

Lakini nyie hamchezi mashindano, mnacheza na chai mezani, na kijiweni hakuna karatasi ya kanuni ukutani, kanuni ni vile mlivyozoeana. Sasa nijibu hili. Ulivyofika huko miaka mitatu iliyopita hujui hata wanavyohesabu, maana dadu za tavla Waturuki wanazitaja zaidi kwa Kiajemi, sita na tano ni şeşbeş, sita-sita ni düşeş, nina hakika ulikuwa unatoa macho tu, nani alikuwa anakurudishia kete yako anakwambia si hapo, ni hapa? Mara ngapi? Na kati ya hizo mara, hakuna ambayo angekula kete yako kama angekaa kimya? Hapo ndo palipomuuma. Huyo kijana kaanzisha kanuni na kaigharamia yeye mwenyewe, miaka mitatu anakulipia, siku zamu yako ya kulipa imefika, tena siku moja tu, ukageuka mwanasheria.

Nisieleweke vibaya. Angesogeza tano na tatu kihalali lakini kijinga, kaziacha kete uchi kwa sababu akili yake iko kwenye simu, ungezila na nisingekuwa na neno, ndo mchezo wenyewe huo, kula na unywee maji. Kosa la akili ya mwenzako ni riziki yako. Ila kosa la hesabu si lake peke yake, ubao umesema uongo na nyie wawili ndo walinzi wa ubao, mmoja kasinzia mwingine yuko macho anatazama mwizi anaingia. Mi huwa nasema sura ni yako, ubao ni wetu. Sura yako ifanye utakalo, nuna, tabasamu, jifanye umekata tamaa, ubao hapana.

Nami sisemi haya kwa usafi. Zamani nilifanya kazi ghala moja Dubai, tukilala chumba kimoja na Mmisri, ndiye aliyenifundisha tawla, na wao wana aina moja wanaiita mahbusa, kete yako ikikaa peke yake hailiwi, mwenzako anaikalia juu na haitoki mpaka aondoke, yaani ndo lilelile neno letu la mahabusu, nilivyolisikia nilicheka nikaelewa mchezo mzima bila kufundishwa. Sasa usiku mmoja nimebanwa nahitaji sita, nikatupa, dadu moja ikatua sawa, nyingine ikaegemea kete, imelala upande, na dadu iliyoegemea haina hesabu, unarudia zote mbili. Nikaona juu kama kuna sita. Nikaiokota haraka haraka nikasogeza. Akaniangalia. Hakusema kitu, akacheza zamu yake, na nikashinda. Kesho yake kaja na kikombe cha ngozi cha kurushia dadu, kakiweka mezani taratibu, akakaa akapanga kete kama kawaida. Tulikaa wote mwaka mwingine mzima na kile kikombe hakikuwahi kuondoka mezani wala hakuwahi kunieleza kwa nini kakinunua.

Kwa hiyo we nenda palepale mlipokuwa, wakiwepo walewale waliocheka, ubao uingie nao umeubana kwapani mwako mwenyewe. Fungua, panga, nne kwa tatu yeye anaongoza, dadu weka tano na tatu, mwambie asogeze upya. Akikataa mnunulie chai, akikubali muendelee na gemu, na usimwachie.

*Mzee habari. Hapa kazini kwetu Sharjah kuna jamaa hata sijamaliza kusogeza yeye kashatupa dadu, ukilalamika anasema cheza haraka. Mwingine ndo balaa, anafikiria mpaka chai inapoa. Na wa tatu tukicheza kwa ile dadu ya kuongeza dau, akiona kapata nafuu kidogo tu anaongeza, anachimba mkwara ili niogope nikimbie. Hizi si figisu? — Mvumilivu, Sharjah*

Wa kwanza ni figisu ila anajiumiza mwenyewe. Zamu yako haijaisha mpaka uokote dadu zako, na kwa baadhi ya kanuni alichotupa kabla hujaokota hakihesabiwi, anarudia. Kanuni hiyo ina akili, maana kama hujaokota unaweza bado kubadilisha mwendo, sasa yeye kakuonyesha dadu zake kabla hujaamua, zingehesabiwa si angekuwa anakupa siri? Usigombane naye. We sogeza, acha dadu zako palepale, kunywa maji, akitupa mwambie rudia. Siku mbili tu atakuwa na adabu.

Wa pili, mashindanoni wameshamaliza kesi yake kwa saa. Utaratibu uliozoeleka ni dakika 2 kwa kila pointi ya mechi, kwa hiyo mechi ya 7 kila mtu ana dakika 14, na kila zamu unapewa sekunde 12 za bure kabla akiba yako haijaanza kuliwa. Nyie simu mnazo, mojawapo iwe saa. Ila kuna mtu ni mzito wa kufikiri tu na kuna mtu anachelewesha makusudi kwa sababu kakuona una haraka ya kuwahi zamu ya usiku, na huyo wa pili utamjua, akiwa anashinda anacheza kama umeme.

Wa tatu hapana, hapo nakukatalia. Ile dadu yenye 2, 4, 8 mpaka 64 iliingia New York miaka ya 1920 na ndo roho ya mchezo wa kisasa, kuongeza dau ni swali unaulizwa, unaamini unaweza kushinda au huamini? Piga hesabu badala ya kuogopa. Ukikimbia, yaani ukikataa na gemu ikahesabiwa umeshindwa kwa dau la zamani, gemu 100 za namna hiyo unapoteza pointi 100, hiyo haina mjadala. Ukikubali zote na ukashinda 25, unapoteza 75 mara mbili ambazo ni 150, unapata 25 mara mbili ambazo ni 50, umebaki na hasara ya 100, sawasawa na kukimbia. Kwa hiyo kama unaona una nafasi zaidi ya robo, kubali, na ukishakubali ile dadu inakuwa yako, wewe tu ndo unaweza kuongeza tena, hebu siku moja umrudishie uone sura yake (sijagusia mars hapo, zikinukia nyingi robo haitoshi). Anakuchimba mkwara kwa sababu unakimbia. Huo ni udhaifu wako, anaula kihalali.

*Mimi na wenzangu tunacheza bao barazani kwetu hapa Unguja. Kuna mzee akicheza mdomo haukai, anatania, anaimba, anakwambia leo utalala na kanzu mbichi, mpaka hesabu inanitoka. Na watazamaji nao wanapiga miguno ukielekea shimo zuri. Inaruhusiwa? — Kijana wa Baraza*

Mdomo barazani ni kama chumvi mdogo wangu, ukiutoa mnacheza bao au mnafanya mtihani? Nimekaa mabaraza ya Tanga na ya Unguja, sijaona fundi wa bao aliye bubu. Ila utani una uzio wake, autanie mchezo wako, kanzu yako, timu yako ya mpira, akishafika kwenye deni lako au mkeo aliyerudi kwao hapo katoka barazani kaingia chumbani kwako, mnyamazishe, na wenzako wakiwa waungwana watamnyamazisha kabla yako.

Miguno ndo mbaya, na kwenye bao ni mbaya kuliko kwenye tavla. Tavla ina dadu, hata ukinong'onezwa mwendo mzuri dadu zinaweza kukukataa. Bao halina bahati hata tone, mashimo 32, kete 64, za ubaoni mnaziona wote, za mkononi mnajua zimebaki ngapi, kilichofichika ni hesabu ya kichwani tu, kwa hiyo anayeguna kamwibia mwenzako kile kitu pekee alichokuwa nacho. Na faida ikikuangukia wewe usijifanye hujasikia. Ukisikia mguno, toa mkono, uliza kwa sauti "nani kaguna?" alafu ucheze ule mwendo uliokuwa umeukusudia mwanzo hata kama ni mbovu. Najua inauma.

Na umesahau kuuliza kubwa zaidi, mtu anayegawa kete mbiombio anadondosha mbili shimo moja ili aishie anapotaka. Huyo hana utani wala baraza. Mwambie arudie polepole, kete moja moja, kila mtu anahesabu kwa sauti.

*Mzee salaam aleikum, mie wa Mombasa, nacheza tavla kwa simu na watu wa dunia nzima. Kuna wengine wakitaka sita-sita inakuja, ni kama wanaongea na dadu. Hii programu si inawapendelea? Na nasikia wengine wanatumia kompyuta kuwaonyesha. — Dada wa Kisauni*

Waaleikum salaam dada. Hilo la dadu ni lalamiko ambalo kila anayecheza kwa simu analo, na la ajabu wote wanasema wanapendelewa wengine, sijapokea barua hata moja inayosema programu inanipendelea mimi. Fanya hivi kabla hujamtuhumu mtu. Chukua daftari, andika dadu za mwenzako 100, sita-sita utegemee kama mara 3 hivi maana ni moja kati ya 36, na pacha za aina yoyote utegemee kama 17. Ukipata 22 usishtuke bado, ndo bahati ilivyo. Utagundua kwamba zile zilizokuumiza unazikumbuka mpaka saa ya usiku na zile zilizokuokoa ulishazisahau hata kabla ya gemu kuisha.

Dadu hudanganya hata mabingwa. Mwaka 1979 huko Monte Carlo, bingwa wa dunia Luigi Villa wa Italia alicheza na programu iitwayo BKG 9.8, ya Hans Berliner, akafungwa 7 kwa 1. Dunia ikashangaa, kompyuta imempiga bingwa. Berliner mwenyewe alivyokaa kuchambua mechi akasema wazi kwamba Villa ndo alicheza vizuri zaidi, programu yake ilibebwa na dadu. Hebu fikiria, mtu kashinda, dunia nzima inampigia makofi, yeye anainua mkono anasema jamani ilikuwa bahati. Mi huyo nampenda kuliko mabingwa wengi.

La kompyuta ni kweli lipo. Programu za siku hizi kama eXtreme Gammon na GNU Backgammon zinacheza kuliko binadamu yeyote, na mtu akiifungua pembeni huku anacheza na wewe huo ni ule mguno wa barazani, tofauti mgunaji huyu hakosei. Wanakamatwa kwa sababu hiyohiyo, mechi zao zikichambuliwa hawana makosa, na binadamu hata bingwa ana makosa kila mechi. Wewe itumie gemu ikishaisha, kuona ulikosea wapi, hapo ni mwalimu. Ukimshuku mtu mripoti kwa wenye programu na uachane naye, usiandike matusi kwenye chati, huenda ni mtoto wa miaka kumi na mbili ana dadu nzuri siku hiyo.

*Mbona hukusema kama nardi, ndiyo hii tavla, imekatazwa? — Msomaji, Muscat*

Umenikumbusha vizuri na nilipaswa kusema. Ipo hadithi katika Sahih Muslim inayomfananisha anayecheza nardashiri na aliyetia mkono wake kwenye nyama na damu ya nguruwe, na wanazuoni wengi wanaukataza mchezo hata kama hamna pesa mezani. Mi si mufti, mwenye swali amuulize sheikh wake na si gazeti. Nitasema tu la upande wangu, mwenzako akikwambia hachezi kwa sababu ya dini, usimbembeleze na usimcheke, mletee kahawa mpige soga.

*Nacheza drafti na mwanangu ana miaka minane, huwa namwachia ashinde ili asikate tamaa. Mke wangu anasema namfundisha uongo. Amua wewe. — Baba Mtu, Mwanza*

Mkeo kakupita. Mtoto ana macho, siku akigundua atarudi nyuma kuhesabu kila ushindi wake aone upi ulikuwa wa kweli, na hatapata hata mmoja. Ila na kumpiga kumi kwa sifuri kila jioni si malezi. Drafti haina dadu za kumsaidia mdogo, kwa hiyo punguza mbele ya macho yake, yeye apange vizibo vyake 12, wewe panga 8, mwambie kabisa hizi nne nimetoa kwa sababu mimi mkubwa, alafu cheza kwa nguvu zako zote, ukila ule. Akianza kukushinda unaongeza kimoja. Wangu tulianzia saba, na siku moja mwenyewe kakiokota kizibo pale chini kaniwekea kwenye ubao, kasema baba hiki rudisha, sikitaki.